Mrejesho: kipimo cha mate cha Yale kilivyopata kibali

Wakuu, niliuliza hapa chuo kinapataje kibali cha kipimo cha korona bila kuwa na kiwanda. Asanteni sana, nimeelewa. Yale, chuo kikuu cha Marekani, hawakuuza kifaa, walitoa utaratibu wa kupima unaoitwa SalivaDirect. Mate yanatiwa kimeng'enya, yanapashwa moto, kisha yanaingia kwenye mashine ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi. Hatua ya kutenganisha RNA (hivyo vinasaba vya kirusi) imerukwa, na hapo ndipo gharama iliposhuka. Tena mtu hachokonolewi pua, anatema tu! Walilinganisha majibu na ya sampuli za puani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikawapa kibali tarehe 15 Agosti 2020. Kibali cha dharura lakini, si usajili kamili. Hapo ndipo nilipokuwa nachanganya. Kwetu Tanzania vitendanishi (kemikali za kupimia) vinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na nimeshaanza kusoma miongozo yao.