Dashibodi ina kijani, tovuti ya mteja imekufa. Hawa watengenezaji wanatuuzia nini?

Wakuu, hili limetuchosha na lisemwe wazi. Dashibodi, yaani programu za kusimamia tovuti za wateja kutoka sehemu moja, zinanadiwa kwa ahadi ileile: bonyeza mara moja, tovuti 40 zilizojengwa kwa WordPress zinasasishwa, wewe endelea na kazi nyingine. Uongo! Ile alama ya kijani inathibitisha kwamba amri imefika kwenye seva na imejibiwa, basi. Kama tovuti bado inapumua au imekufa, mteja ndiye atakayekupigia simu kukuambia.

Chukua kusasisha kwa mkupuo. WordPress huweka faili la .maintenance (alama ya "tuko matengenezoni") kwenye folda kuu, na kila mgeni anapata jibu la 503, yaani tovuti haipatikani kwa sasa. Seva dhaifu ikiua mchakato katikati kwa kuishiwa kumbukumbu, faili linabaki pale. Baada ya dakika 10 WordPress inalipuuza, na tovuti inarudi hewani ikiwa na plagini (programu ya nyongeza) iliyosakinishwa nusu. Tangu toleo 6.3 la WordPress la mwaka 2023 nakala ya plagini ya zamani huwekwa kando na kurudishwa usakinishaji ukishindikana, lakini mchakato uliouawa ghafla hauna wa kuirudisha. Dashibodi wakati huo imeshahamia tovuti ya kumi na saba.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa inajulikana. Toleo 6.6 la Julai 2024 lilileta ukaguzi kwenye masasisho ya kiotomatiki ya plagini: baada ya kusasisha, WordPress inajitembelea yenyewe, na ikikuta kosa la PHP (lugha inayoiendesha) linaloangusha ukurasa inarudisha toleo la awali. Amri ya dashibodi haipati kinga hiyo mpaka mtengenezaji aijenge mwenyewe. Na wapo walioijenga wakaifungia kwenye kifurushi cha juu, unalipia kwa kila tovuti. Breki zinauzwa pembeni ya gari!

Kile kipengele cha kuangalia kama tovuti iko hewani nacho ni pambo. Kinaomba ukurasa wa mwanzo, kinapata 200 (jibu la "sawa"), kinaridhika. Ukurasa huo mara nyingi umetoka kwenye kache, yaani nakala iliyotunzwa tangu awali, huku kikapu cha duka kimekufa na fomu ya mawasiliano haitumi kitu. Msitegemee 200. Wekeni ukaguzi wa neno lililo chini kabisa ya ukurasa, maana PHP ikikatikia njiani neno hilo halitoki, na uelekezeni kwenye ukurasa usiohifadhiwa kwenye kache, kama ule wa malipo. WooCommerce, plagini ya duka, ina lake: ikishasasishwa, wakati mwingine inadai hifadhidata nayo isasishwe kwa hatua ya pekee. Dashibodi isiyojua hatua hiyo inaandika "imekamilika" na kuondoka.

Plagini za kulipia ndiyo balaa lenyewe. Zinapata taarifa za toleo jipya kutoka kwenye seva za wauzaji wake, si kwenye hazina ya plagini ya WordPress. Leseni ya mteja ikiisha, taarifa inaweza isije kabisa, na dashibodi inahesabu masasisho sifuri. Sifuri inapakwa kijani! Plagini yenye tundu la usalama linalojulikana inakaa miezi, na ripoti ya mwezi inamwambia mteja yuko salama.

Bakapu: ratiba nyingi zinategemea WP-Cron, kiendesha-ratiba cha WordPress, ambayo huamka mtu akitembelea tovuti. Tovuti isiyo na wageni haina bakapu ya saa nane usiku. Wekeni DISABLE_WP_CRON iwe true kwenye wp-config.php, kisha cron ya seva (ratiba ya seva yenyewe, isiyongoja wageni) iendeshe `wp cron event run --due-now` kila dakika 15. Na bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye seva ya majaribio msiihesabu.

Usalama sasa. Januari 2020 InfiniteWP Client, plagini ya kiunganishi inayounganisha tovuti na dashibodi yake, ilikutwa na tundu: aliyejua jina la msimamizi tu aliingia bila nywila, hadi toleo 1.9.4.5 lilipoliziba. Plagini kama hiyo ndiyo funguo ya wateja wako wote, halafu bado kuna dashibodi zinazoacha uthibitisho wa hatua mbili uwe hiari.

Mpaka warekebishe, msibonyeze "sasisha zote". Tano tano, mkianza na tovuti zisizouza kitu, bakapu kwanza, na mfungue kila moja kwa macho kabla ya kundi linalofuata.

Kwa watengenezaji mnaopita humu: onyesheni muda wa mawasiliano ya mwisho na kila tovuti. Ngome (kinga ya mtandao) ya tovuti ikiizuia anwani ya IP yenu kwa 403, yaani "hairuhusiwi", msituonyeshe data ya wiki iliyopita kana kwamba ni ya leo. Wekeni rangi ya tatu kwa "hatujui". Na kurudisha toleo la awali kuwe kwenye kifurushi cha chini kabisa, bila nyongeza.