Hili neno "charge" na mwenzake "discharge" yana kazi ngapi jamani?

WakalaRangiTatu

Wakuu, habari za jioni. Naomba kueleweshwa, maana hapa kibandani kwangu Mbagala leo kumekaa baraza la wasomi na kila mtu ana lake.

Mdogo wangu kalazwa, alipasuliwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Asubuhi shemeji kapiga picha karatasi ya wodini akaitupa kwenye kundi la familia. Mstari wa juu, kwa mkono: "wound dry, no discharge". Chini yake, mwandiko uleule: "for discharge tomorrow". Shemeji kaishia wa juu, akajua mgonjwa kazuiwa kwa ajili ya bili, na kabla sijafungua biashara ukoo ulishaanza kutuma michango. Mjomba wa Tandika ndiye aliyefika mstari wa pili, naye akasema basi daktari kabadili mawazo.

Sasa mimi hilo neno ndilo linaloniweka mjini. Ubaoni nimeandika CHAJI SIMU 500. Mteja akitoa hela anauliza chaji kiasi gani, japo wengi wanasema makato. Jirani yangu muuza chipsi, kijana wake ana kesi na karatasi yake inaitwa "charge sheet". Wodini kuna sista inchaji. Shuleni tuliambiwa "dis-" ni kinyume, haya, usaha kutoka ni kinyume cha kuchaji nini? Msinielekeze kwenye kamusi. Kamusi ninayo, imenipa orodha ndefu bila kuniambia hao ndugu wamekutana wapi.

BegaKwaBega

Ongeza ya mpira, mkuu. Beki akimwingia mtu kwa bega nayo ni "charge". Na nyati akikujia porini. Nimekaa mkao wa kusubiri majibu.

SistaWaZamu

Pole na mgonjwa, mkuu. Kwenye kidonda "discharge" ni majimaji au usaha unaotoka. Kwa hiyo "no discharge" ndiyo habari njema yenyewe: kidonda kikavu, na kwa sababu ni kikavu ndiyo maana kesho anaruhusiwa. Daktari hajabadili mawazo yoyote, mwambie mjomba.

Sisi tukiongea tunasema "karuhusiwa" na hakuna anayechanganya, tabu inaanza tukishika kalamu. Na hiyo ya kwenu ni afadhali. Kuna kifupisho D/C: mmoja anaandika akimaanisha mgonjwa aruhusiwe, mwingine anasoma "discontinue", yaani simamisha. Sasa iandike D/C halafu chini yake orodha ya dawa za kwenda nazo nyumbani, uone mtu anavyozisimamisha zote. Kifupisho hicho kimo kabisa kwenye orodha za vile ambavyo wahudumu wa afya wanashauriwa wasiviandike.

Kesho msiondoke na vidonge tu. Ombeni karatasi ya ruhusa iliyoandikwa dawa gani, nyuzi zinatolewa lini na kliniki ni tarehe ngapi. Na michango msirudishe, bili ipo palepale.

KaraniWaGati

Mkuu Wakala, umeuliza swali la watu wa bandarini bila kujua. Mimi kazi yangu ni kuhesabu shehena, na "discharge" naliona kila zamu: meli ikifunga gati, kreni zikaanza kushusha, fomu inaandikwa "discharging". Mbolea ya kichele, yaani isiyofungwa kwenye mifuko, magari, makasha, yote ni "discharge". Kupakua tu. Ukikaa na maana hiyo, nyingine zinajipanga zenyewe.

Mzizi wake ni mkokoteni. Warumi walikuwa na neno "carrus", walilichukua kwa Wagaul, watu wa Ufaransa ya kale, na likazaa kitenzi cha kupakia mzigo kwenye mkokoteni. Kitenzi hicho kikaingia Kifaransa cha zamani, na Wanormani walipoitawala Uingereza baada ya 1066 kikapata njia ya kuingia Kiingereza: "charge". Wahispania wakalitoa kivyao, ndiyo "cargo" hii tunayoiandika kwenye makaratasi ya meli. Na "car" ni wa ukoo huohuo. Gari letu silo, wasije wakakudanganya, hilo limetoka Kihindi.

Kwa hiyo soma "charge" kama kutwisha mzigo. Nimekutwisha gharama, hiyo chaji ya muamala. Nimekutwisha jukumu, huyo sista inchaji, ambaye kwenye vibao vya serikali utamkuta kaandikwa mfawidhi. Nimekutwisha kosa, hiyo karatasi ya kijana wa chipsi, na hapo hata sisi hatuna haja ya kutafsiriwa: si tunasema fulani kabebeshwa kesi?

Ya simu imepita kwenye bunduki. Kipimo cha baruti unachoshindilia kwenye mtutu kiliitwa "charge", ni shehena ya bunduki. Karne ya 18 waliokuwa wanachezea umeme walikuwa na chupa maalumu za kuuhifadhi, na kuzijaza umeme wakakuita hivyohivyo, kama kushindilia baruti. Benjamin Franklin, miaka ya 1740, alipozipanga chupa hizo nyingi pamoja akaziita "battery", jina la mizinga iliyopangwa safu. Na mizinga iliitwa hivyo kwa sababu inapiga, neno limetoka kwenye Kifaransa cha kupiga. Betri ya simu ya mteja wako ina undugu na kipigo.

Ya nyati sitaki kuilazimisha, imezunguka mbali kidogo, imepitia kwa wapanda farasi vitani.

Sasa "dis-". Hiyo ni "-ua" yetu ya funga fungua, tega tegua, pakia pakua. Mgonjwa anapakuliwa wodini, meli inapakuliwa, kidonda kinajipakua, betri ikiisha nayo imepakuliwa. Hata wale wa mradi wa Msimbazi wakisema "discharge" ya mto wanahesabu maji yanayopita kwa sekunde.

Usiwaonee Waingereza kwamba lugha yao ni masikini. Shehena tumeitoa kwa Waarabu, na Mwarabu leo akichaji simu anatumia mzizi huohuo wa kupakia meli. Na sisi tunapakua ubwabwa, tunapakua faili, tunapakua mbolea, hakuna aliyewahi kuanzisha uzi kulalamika.

WakalaRangiTatu

Karani, ya mkokoteni nimeielewa, na kidonda "kujipakua" nakiachia wewe utakisemea kwa Mungu.

Bado moja. Huyu wa chipsi anasema mwezi uliopita kijana wake "alidischajiwa" mahakamani, wakapika pilau kabisa. Juzi kakamatwa tena kwa kesi ileile. Inakuwaje mzigo ulioshushwa unarudishwa kichwani?

KoridoniKisutu

Hapo ndipo pilau za watu wengi zinapoungulia. Mahakamani "discharged" na "acquitted" zote magazeti wanaandika "ameachiwa huru", na si kitu kimoja.

"Acquitted" ni kwamba mahakama imekuona huna hatia, na kosa lilelile hawawezi kukushtaki tena. "Discharged" ni kwamba kesi imeondolewa, mathalani pale DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea nayo. Unatoka, lakini bado anaweza kukushtaki upya kwa jambo hilohilo, kwa masharti ya sheria. Kuna waliokuwa hawafiki hata getini, walidakwa palepale nje ya mlango. Kwa lugha ya Karani, mzigo umewekwa pembeni ya gati, haujatoka bandarini.

Na ipo ya tatu, kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu. Hiyo umetiwa hatiani kabisa, ila hakimu anakuachia bila adhabu, mara nyingi kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda usiozidi miezi 12. Nayo inaitwa "discharge".

Mwambie jirani aombe nakala ya amri ya siku ile, asitegemee alichosikia koridoni. Aangalie neno lililoandikwa na kifungu, halafu aende nayo kwa wakili kabla ya tarehe ya kutajwa.