Mafundi wa saketi Tanga, tupeane uzoefu: mguu namba 1 wa IC (chipu) au kifaa kingine ulishakutia hasara gani?

Wakuu, za jioni. Naanza mwenyewe ili nisichekwe peke yangu. Nipo Ngamiani. Nilichora bodi ya kengele ya mlango wa duka kwenye KiCad, programu ya kuchora saketi, IC ni 555, chipu ya kupima muda. Nikaprinti, nikahamishia wino kwenye bodi ya shaba kwa pasi, nikachovya kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyo na wino, njia zikatoka safi kabisa. Kuwasha, kimya. Nagusa mgongo wa 555, moto kama chuma cha vitumbua!

Kumbe wakati wa kuprinti niliweka tiki ya kugeuza picha kushoto kulia. Shaba ya chini KiCad huionyesha kama unaitazama toka juu, kana kwamba bodi inapenya macho kama kioo cha dirisha. Ukipiga pasi inageuka yenyewe. Mimi nikaigeuza mara mbili. Mguu wa 1 ambao ni ground (hasi) ukakaa penye umeme, wa 8 ukakaa ground. Ni kama barabara za Ngamiani, ukiingilia upande mwingine namba zote zinakuja kinyume.

Nani mwingine?

Wa Makorora
Mimi transista. Duka halikuwa na BC547, nikapewa 2N3904, "zinafanana hizo." Umbo kweli ni moja. Ila ukielekeza upande wake bapa kwako miguu ikiwa chini, BC547 toka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 inaanza na emita. Rilei, swichi inayovutwa na umeme, haikunasa siku mbili nzima, nikabadilisha hadi waya za betri. Dawa ilikuwa kuigeuza nyuma mbele tu.

Chumbageni
Niliweka 7905, kidhibiti cha volti hasi, kwenye nafasi ya 7805, cha volti chanya. Sina la kuongeza. Mama alidhani transfoma ya mtaa imelipuka.

Mwanafunzi
Shikamooni. Langu la LED. Alama za KiCad zinatoa namba 1 kwa kathodi (hasi), 2 kwa anodi (chanya). Nikajichorea alama yangu ya mchoro, anodi nikaipa 1, halafu kwenye bodi nikatumia umbo la kwao la matundu ya miguu. Taa 12, zote kinyume! Ukaguzi wa programu haukulalamika hata kidogo, maana yenyewe inaoanisha namba na namba, chanya na hasi haizijui.

Fundi mzee
Marahaba mwanangu. Mimi kabla ya shaba naprinti kwenye karatasi kwa kipimo halisi, nabandika juu ya kipande cha maboksi ya samaki yale meupe, nachomeka vifaa vyenyewe. Kishimo cha IC kikiwa juu, mguu wa 1 uko kushoto, unashuka, unavuka, unapanda kulia, kinyume cha saa. Nahesabu kwa kidole na datashiti, karatasi ya maelezo ya kifaa, iko mezani. Vijana wananicheka, sawa.

Na wewe wa Ngamiani, bodi usiitupe. Chukua 555 mpya, ikunje miguu kuelekea mgongoni, ipande chali.

Mwenye mada
Mzee, nimefanya. Miguu miwili imekatika kwenye IC ya kwanza, ya pili imekubali. Imelala tumbo juu kama mende aliyepuliziwa dawa, na kengele inalia. Mwenye duka anakuja kuichukua kesho asubuhi, nimeshaifunga boksi kwa skrubu nne asije akachungulia.