MJADALA: Moshi wa mgodi wa Morwell, watu wangeambiwa kuhama siku ya ngapi?

Mleta mada:
Wakuu, habari za leo. Kuna wanaosema moshi ni moshi tu, ukiisha umeisha. Sikubaliani nao, na mfano wangu ni Morwell, mji wa watu kama 14,000 kule Victoria, Australia.

Tarehe 9 Februari 2014 cheche za moto wa nyika ziliangukia Hazelwood, mgodi wa wazi wa makaa ya mawe uliokuwa ubavuni mwa mji. Zilishika ukuta wa zamani, uliokwisha kuchimbwa, upande ule ule unaotazama nyumba za watu. Makaa hayazimiki kama nyasi: unamwaga maji juu, ndani yanazidi kufukuta. Yalifukuta siku 45. Watu walipangusa majivu madirishani asubuhi, jioni wakayakuta tena. Vichwa viliuma, wengine wakatokwa damu puani.

Hatari kubwa ni chembe laini za moshi, zile za PM2.5. Pua haizizuii, zinashuka hadi mwisho wa mapafu na nyingine zinapenya kwenye damu. Kiwango cha juu kilichokubalika Australia kilikuwa mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Makadirio ya siku mbaya kuliko zote kusini mwa Morwell yalipita 700. Na wazee, wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wa moyo na mapafu walishauriwa kuhama kwa muda lini? Tarehe 28 Februari. Siku 19! Ushauri ule ungetoka wiki ya kwanza.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kuhamisha watu si kubeba begi tu. Fukushima, kule Japani, ajali ya vinu vya nyuklia ilipotokea mwaka 2011, wazee waliotolewa hospitalini walikufa njiani na wiki zilizofuata kwa uchovu, baridi na kukatiziwa matibabu, si kwa mionzi. Bibi wa miaka 85 anayepumua kwa oksijeni unamtoa unampeleka wapi?

Halafu tafiti nyingi zilihusu ama siku chache za moto wa msitu, ama miaka mingi ya hewa chafu ya mijini. Moshi wa wiki sita ulikuwa katikati, hivyo ushahidi wake ulikuwa haba. Ofisa wa afya akikurupuka leo, kesho hasikilizwi.

Mchangiaji wa pili:
Naomba niseme la kaboni monoksaidi, maana mmeliruka. Makaa yakifukuta bila hewa ya kutosha ndipo yanatoa gesi hii kwa wingi. Haina rangi wala harufu. Mtaani kwetu tunaijua kwa jiko: jirani yetu aliingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua, akafunga dirisha. Asubuhi tulivunja mlango. Alikuwa amelala ubavu, shuka limemfika shingoni, kama mtu anayesubiri kuamshwa. Mpaka leo siwezi kulala na jiko likiwa ndani, hata limezimwa.

Kule Morwell wapo wazimamoto waliopelekwa hospitali kwa gesi hiyo hiyo, na ilipimwa mpaka mjini. Kumwambia mtu ajifungie ndani kunamfaa kwa saa chache. Moshi wa wiki nzima unaingia kila ufa.

Mleta mada:
Pole sana kwa jirani yenu.

Ndugu wa Fukushima, hoja yako ni nzito na naipokea. Lakini kule watu waliondolewa kwa amri na kwa haraka. Mimi nasema ushauri: mjamzito mwenye dada yake Melbourne, kama kilomita 150, aambiwe mapema na apewe nauli. Bibi wa oksijeni aamue na daktari wake. Tena ushauri wenyewe ulipokuja uliukata mji kwa Commercial Road, wa kusini wahame, wa ng'ambo wabaki. Unasimama mlangoni kwako unamtazama mtu wa upande wa pili akipakia gari, na moshi mnaovuta ni mmoja.

Kuhusu madhara, wakazi wenyewe walifukua takwimu za vifo na kupiga kelele mpaka tume ya uchunguzi ikafunguliwa upya. Desemba 2015 ikasema inaelekea moto ule ulichangia ongezeko la vifo mwaka 2014 katika bonde la Latrobe, ulipo mji wa Morwell. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, waliowafuatilia wakazi kwa miaka, waliona kwamba aliyevuta moshi mwingi zaidi ndiye aliyesumbuliwa zaidi na kikohozi sugu. Waendeshaji wa mgodi walitiwa hatiani, na mwaka 2020 wakatozwa faini ya zaidi ya dola za Australia milioni 1.5.

Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu, na naomba unijibu kwa moyo: siku ya tano ya moshi ule, mama mwenye mimba ya miezi saba angekupigia simu akuulize, "Niondoke au nibaki?", ungemwambiaje?