Simba walikosea kumtimua kocha Dylan Kerr, au alistahili?

Damu ya Msimbazi: Wakuu, Kerr aliingia Simba Julai 2015. Januari 2016 Mtibwa Sugar wakatutoa nusu fainali ya Kombe la Mapinduzi 1-0, jamaa akaoneshwa mlango. Akaja kocha Mayanja, ligi tukamaliza wa 3 nyuma ya Yanga na Azam. Mwaka uliofuata Kerr akatua Gor Mahia, yaani K'Ogalo, akabeba ubingwa wa Kenya 2017, akaurudia 2018. Tatizo lilikuwa kocha au kamati ya klabu?

Jangwani Kali: Kocha gani? Septemba 2015 alikula 2-0 kwa Yanga akabaki kushika kiuno. Yule alikuwa beki tatu tu, beki wa kushoto, huko Reading ya England na Kilmarnock ya Scotland. Na mtaani beki tatu ni dada wa kazi, kazi yake kufagia na kuosha vyombo, si kupanga nyumba ya watu.

Mtu wa K'Ogalo: Huyo unayemwita beki tatu ana medali ya Kombe la Scotland 1997, Kilmarnock 1, Falkirk 0. Wewe una nini zaidi ya mdomo?

Fundi Kona: Utani wa vyombo nimeuelewa, ila namba tatu anausoma uwanja vizuri. Mstari uko begani kushoto, kwa hiyo watu wote wako upande wake mmoja, anawaona bila kugeuza shingo. Na kazi yake ina hesabu. Winga akipokea, unamwendea mbio, ukibakiza mita tatu unapunguza, unasimama kiubavu, mguu wa ndani mbele, unamsukumia nje kwenye chaki. Ukimkabili kifua wazi umekwisha, anakupita upande anaoutaka. Beki tatu akipanda, beki mbili anabaki na kuingia ndani, mnakuwa watatu nyuma, na kiungo mkabaji anateleza kushoto kuziba. Mabeki wote wawili wakipanda pamoja, mpira mmoja mrefu wa mshazari unawaua. Mtu aliyeishi na hayo miaka yote anajua kwa nini Walusimbi, beki tatu wake pale Gor, alihitaji mtu wa kumlinda.

Jangwani Kali: Darasa zima kujibu utani wa kufagia. Sasa kama anajua kukaba, mbona Simba ilifungwa na Mtibwa?

Fundi Kona: Bao moja. Mtoano ukifungwa moja na wewe hujafunga, mwulize straika. Beki unamgombeza nini?

Mtu wa K'Ogalo: Na Yanga ilifungwa mangapi na Gor ya Kerr? Kombe la Shirikisho Afrika 2018, Julai: 4-0 Nairobi, halafu 3-2 hapohapo Dar. Jumla saba. Na mwezi mmoja kabla, fainali ya Kombe la SportPesa Nakuru, Gor ikaipiga Simba 2-0, mabao ya Kagere na Tuyisenge. Simba wakaona kazi, wakamsajili Kagere. Mlimfukuza mwalimu, mkaja kununua mwanafunzi wake.

Damu ya Msimbazi: Hilo la Kagere limeuma, lakini ni kweli.

Jangwani Kali: Yanga ile ilikuwa ya baada ya mfadhili wetu Manji kuondoka, mfuko mtupu. Usihesabu ushindi juu ya mgonjwa. Mei 2023 tulipopona alikuja na Marumo Gallants ya Afrika Kusini, nusu fainali ya Shirikisho, tukampa 2-0 Dar, na kwao Rustenburg 2-1, mabao ya Mayele na Musonda. Deni limelipwa na riba.

Mtu wa K'Ogalo: Gor iliwafunga saba, nyie mmemfunga nne. Riba ya wapi hiyo?

Fundi Kona: Gallants ndiyo mfano mzuri. Waliwatoa Pyramids ya Misri robo fainali, na msimu huohuo wakashuka daraja kwao. Watu wanasema kocha kichaa. Piga hesabu: misuli inataka kama saa 72 kupona. Ukicheza Jumatano ugenini, Alhamisi uko kwenye ndege, Ijumaa ni kunyoosha miguu tu, Jumamosi ligi. Hakuna siku ya kufundisha kona wala kupanga ukuta. Kikosi kifupi kikibanwa hivyo, kwanza zinakatika nyama za paja, kisha mabeki wanaanza kuchelewa nusu hatua, na nusu hatua ndiyo penalti.

Jangwani Kali: Kwa hiyo kushuka daraja nako ni ufundi. Endelea, mwalimu.

Pwani Mchanga: Halafu watu humwita Mwingereza. Kazaliwa Valletta, Malta.

Mtu wa K'Ogalo: Kuzaliwa Malta kunahusu nini na kukaba?

Pwani Mchanga: Sikusema kunahusu. Nimesema kazaliwa Malta.

Jangwani Kali: Ndiyo maana ana roho ya baharia. Simba, Gor, Black Leopards, Baroka, Leopards tena, Gallants. Mtu huyu hajawahi kufungua begi lote.

Damu ya Msimbazi: Jamani, mimi niliuliza kuhusu kamati.

Jangwani Kali: Kamati ilitaka mtu wa kuosha vyombo, akaletwa mtu wa kukaba.