Mtaro unazibuliwa kutoka chini

*Kundi: Majirani Ilboru, njia ya korongoni*

Jumamosi, Februari

Mama Glory, 07:12
Habari za asubuhi majirani. Shikamooni wakubwa. Masika ndiyo hiyo, Machi iko mlangoni, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Arusha. Naomba kila mwenye ujuzi wake aseme sasa, tusisubiri maji yaingie sebuleni ndipo tuanze kuulizana. Mzee Laizer, fundi Eli, mpo?

Mzee Laizer, 07:20
Marahaba mama. Nipo. Nianze na mtaro, maana huo ndio unaotuunganisha wote.

Kila mwaka wanaoanza kuzibua ni watu wa juu. Hapo ndipo kosa lilipo. Mtaro unazibuliwa kutoka chini kwenda juu. Ukifungua juu wakati kalavati la chini limejaa tope, maji yanashuka kwa kasi na uchafu wote mliolegeza, yanakuta kizibo, yanapanda barabarani, na nyumba tatu za mwisho ndizo zinazolipia kazi nzuri ya watu wa juu. Kwa hiyo siku ya kwanza wote tunashuka kwenye kalavati pale korongoni. Hakuna kugusa mbele ya geti lako kabla pale hapajapitika.

Baba Brian, 07:24
Shikamoo mzee. Kalavati lenyewe limeziba kiasi gani?

Mzee Laizer, 07:31
Marahaba. Ni bomba la sentimita 60, na tope limefika nusu. Tope likifika nusu, nusu ya njia ya maji imekwenda. Na halibaki hapo, kwa sababu maji yakipungua kasi yanaacha mchanga zaidi.

Namna ya kulisafisha: pitisha ufito mrefu wenye kamba kutoka upande mmja hadi wa pili, funga ndoo ya chuma katikati ya kamba, watu wawili huku, wawili kule, mnaivuta kwa zamu. Mtoto asiingizwe ndani ya bomba hata kama ni mwembamba na amejitolea.

Mzee Laizer, 07:31
*mmoja

Mzee Laizer, 07:35
Na tope lisiachwe ukingoni mwa mtaro. Mvua ya kwanza inalirudisha lote. Lipakiwe kwenye toroli lipelekwe mbali, au limwagwe kwenye mashimo ya barabara na kushindiliwa.

Mama Nasra, 07:38
Mzee umesema kweli. Naongezea pampasi jamani. Pampasi haiyeyuki, inavimba na kukaa kama gunia. Mbili tu na mfuko mmoja wa plastiki zinatosha kushika majani yote yanayopita. Ziende kwenye gari la taka, zisitupwe mtaroni usiku.

Dada Upendo, 07:44
Mimi ni mpangaji nyumba ya kona. Bati linapiga kelele upepo ukija. Fundi Eli, hiyo ni hatari au ni kelele tu?

Fundi Eli, 08:02
Ni hatari dada yangu. Bati linalopiga kelele limeshaachia.

Sababu ni hii: mchana bati linapata joto na kutanuka, usiku linasinyaa. Hapa kwetu usiku ni baridi kweli, basi kila siku msumari unavutwa kidogo kidogo mpaka kichwa kinasimama juu ya bati. Upepo ukiingia chini ya ukingo unalinyanyua, na bati moja likitoka linaachia nafasi kwa la pili. Paa haling'oki kuanzia katikati. Linaanzia pembeni na kwenye kofia, lile bati la kileleni.

Msumari uliolegea usiugongee tena palepale, tundu limeshapanuka, wiki mbili utarudi juu. Utoe, weka skrubu ya kuezekea yenye mpira, nene na ndefu kuliko ule msumari, katika tundu lilelile. Ipigwe mgongoni mwa bati, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Mpira ubanwe hadi utanuke kidogo tu. Ukikaza mpaka mpira unatokeza nje, jua litaupasua kabla ya mwaka. Ukingo wa chini na kwenye kofia piga kila mgongo wa pili. Katikati unaweza kuruka hadi wa tatu.

Fundi Eli, 08:09
Kutafuta matundu: panda darini saa 6 mchana jua likiwa kali, zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu, yaani ubao unaopigiliwa bati. Kanyaga mbao za kenchi tu, zile zinazobeba paa, ukikanyaga jipsamu ya dari utashukia sebuleni.

Juu ya bati panda asubuhi umande ukishakauka, viatu vya mpira, kanyaga kwenye mstari wa misumari kwa kuwa chini yake kuna papi. Bati lenye maji halipandwi.

Na mawe au matairi juu ya paa si dawa. Upepo ukinyanyua bati, jiwe linashuka na mtu yuko chini.

Dada Upendo, 08:13
Asante sana kaka. Mwenye nyumba yuko Dar. Nimwambie anunue nini hasa?

Fundi Eli, 08:17
Mpigie picha ukingo wote wa upande wa upepo, karibu karibu, vichwa vya misumari vionekane. Mwambie skrubu zenye mpira, na bati likihitajika geji 28, si 30. Kwenye geji namba ikipungua bati ni nene zaidi, wengi wananunua kinyume. Na kenchi zifungwe ukutani kwa ukanda wa chuma au nondo, kwa sababu nyumba nyingi kenchi imekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake na misumari miwili. Hapo hata bati likishika vizuri, paa zima linaweza kuondoka na mbao zake.

Baba Brian, 08:20
Fundi, gata je? Yangu inafurika katikati wakati bomba la kushushia liko tupu.

Fundi Eli, 08:28
Imelala, au imebonyea katikati. Gata inahitaji mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, yaani mita 10 zishuke sentimita 5. Vishikio viwe kila sentimita 60 hadi 90, vikizidi hapo gata ikijaa maji inabonyea. Angalia pia majani ya migrevilea, yanajikusanya palepale mdomoni mwa bomba.

Halafu piga hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 50 ni lita 5,000, na zinaweza kushuka ndani ya saa mbili. Mafundi tunahesabu sentimita moja ya mraba ya tundu kwa kila mita ya mraba ya paa. Bomba la inchi 3 lina kama 44. Kwa hiyo paa la 100 linataka mabomba matatu, na wengi mna moja.

Mama Glory, 08:33
Na tenki likijaa?

Fundi Eli, 08:37
Bomba la kumwaga ziada liwe pana sawa na la kuingizia, na lifike mtaroni. Likimwaga chini ya tenki linachimba msingi wake. Lita 5,000 ni tani 5, likiegemea kidogo tu linapasuka au linaangukia ukuta. Wakati huu bado ni kavu lisiachwe tupu kabisa, upepo unalichukua. Robo ibaki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie tenkini, lita 40 au 50 za mwanzo kwa paa la ukubwa huo zimwagwe, ni vumbi na kinyesi cha ndege.

Nesi Pendo, 08:45
Na maji hayo ya mvua myathamini, kwa sababu visima vingi vya kuzunguka Meru vina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, na mvua haina. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki.

Lakini kwa vijidudu, chemsheni. Yakitokota kabisa yaacheni dakika 1. Kwa ndugu wanaokaa juu sana mlimani, zaidi ya mita 2,000, dakika 3, maana huko maji yanachemka kwa joto la chini zaidi. Wekeni akiba ya lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Familia ya watu 5 kwa siku 3 ni lita 60, madumu matatu ya lita 20. Kisima kikiingiliwa na maji ya mafuriko, hayo si maji ya kunywa mpaka kitibiwe.

Mzee Laizer, 08:52
Fundi hujagusa kuta za uzio, na hizo ndizo zinazoua. Ukuta usio na matundu chini unageuka bwawa. Maji yakisimama kimo cha mita 1, kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 500. Tofali za inchi 6 hazikujengwa kwa hilo. Toboeni, bomba la inchi 3 kila mita moja na nusu au mbili, sentimita 10 juu ya ardhi, na wavu upande wa ndani ili panya na takataka visipite.

Baba Brian, 08:55
Mzee, nikitoboa maji yanaenda kwa Mama Nasra.

Mzee Laizer, 09:01
Ndiyo maana nasema tuzungumze kwanza. Usitoboe kuelekea kwake, toboa kona ya chini inayotazama mtaro, halafu ndani ya ua chimba mfereji mdogo unaofika hapo, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Tumia mpira wenye maji kupima, jicho linadanganya kwenye eneo la mlima. Mama Nasra na wewe mkae leo jioni mpange, ni dakika kumi tu za kuongea.

Mama Nasra, 09:03
Baba Brian karibu baada ya magharibi.

Baba Brian, 09:15
Nitakuja mama, asante.

Sasa umeme, hapo ndipo kazi yangu. Nunueni LUKU mapema na tokeni zihifadhiwe, mtandao ukikatika hamtaweza kununua. Radi ikianza kusikika chomoeni friji, tv na chaja, kuzima swichi tu hakutoshi. Umeme ukirudi subiri dakika 5 kabla ya kuchomeka friji, kompresa ikiwashwa gesi ikiwa bado na mgandamizo inaungua. Maji yakianza kuingia ndani zima swichi kubwa, ila kama imeshabidi ukanyage maji kuifikia, iache, tokeni nje.

Waya ukianguka msiusogelee mita 10 na msiusogeze na fimbo hata iwe kavu. Piga TANESCO 180. Tawi linalogusa waya pia si lenu kukata, waiteni wao. Matawi mengine ya miparachichi na migrevilea yaliyoegemea paa yakatwe sasa, kabla hayajabeba uzito wa maji.

Mama Glory, 09:20
Na kipindi hicho baridi inaingia, watu wanaingiza jiko la mkaa ndani. Nesi tusaidie hapo.

Nesi Pendo, 09:29
Nawaomba kwa moyo wote, jiko la mkaa lisilale ndani. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na haihitaji moshi. Mkaa uliokwisha kutoa moshi, ule mwekundu mnaouona umeiva, ndio huo huo unaoitoa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa pamoja msidhani ni chakula. Toeni kila mtu nje kwanza, kisha hospitali. Aliyelala hahisi dalili, ndiyo sababu familia nzima inaondoka usiku mmoja. Blanketi, soksi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, hivyo vinatosha. Jenereta nalo likae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirishani.

Kwa gesi, mpime mtungi kwenye mizani ya dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, ukitoa huo unajua kilo zilizobaki.

Dada Upendo, 09:34
Nyumba yetu ya kona iko chini ya barabara. Mlangoni niweke nini?

Mzee Laizer, 09:42
Viroba vya kilo 25 vyenye mchanga. Usivijaze, nusu au zaidi kidogo, ili vilale na kushikana. Kiroba kilichojaa ni kama mpira, maji yanapita pembeni. Mdomo ukunje chini ya kiroba, usiufunge kamba. Laza nailoni kwanza chini na mlangoni, panga kama tofali, cha juu kikae juu ya maungio ya viwili vya chini, na ukanyage kila safu. Mlango wa sentimita 90 safu mbili, viroba sita vinatosha. Vijaze wiki hii vikae barazani, mchanga mkavu ni mwepesi kubeba kuliko wenye maji.

Fundi Eli, 09:47
Na chemba, shimo la maji taka. Gari la kunyonya liitwe kabla ya mvua, tope likianza halipandi huku. Ila lisinyonywe hadi chini kabisa. Shimo lisilojengewa linaweza kubomoka ardhi ikilowa, na tenki la plastiki linainuliwa na maji ya ardhini. Theluthi ibaki. Mfuniko uwe juu ya ardhi angalau sentimita 15.

Mwalimu Shayo, 10:05
Nimesoma yote. Kuhusu tahadhari za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wanatoa utabiri wa siku tano. Ikitoka chungwa tu, nyumba zilizo ukingoni mwa korongo zipeleke watoto na wazee kulala juu siku hiyo. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mto, na tunajua ni nyumba ngapi huku ziko ndani ya hizo. Vyeti, NIDA na hati za kiwanja viwe kwenye mfuko wa plastiki, mahali pamoja.

Na wanafunzi wasivuke korongo likiwa linapita maji. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaangusha mtu mzima, sentimita 30 yanaelesha gari dogo, 60 yanabeba karibu gari lolote. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa hapa hapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Dereva wa bodaboda au wa basi akisema atajaribu, mtoto ashuke.

Mama Glory, 10:08
Amina mwalimu. Nani anakaa juu ana nafasi ya kulaza watoto?

Mwalimu Shayo, 10:10
Kwangu vyumba viwili. Magodoro mje nayo.

Mzee Laizer, 10:14
Basi kesho saa 1 asubuhi kalavatini, watu wa juu na wa chini. Nahitaji kamba mita 20, ndoo ya chuma, mabeleshi manne, sururu mbili, toroli. Buti kwa kila anayeingia kwenye tope, kuna vioo. Uokoaji ni 114, muiweke kwenye simu.

Mama Nasra, 10:16
Toroli lipo, tairi lina upepo. Beleshi moja.

Dada Upendo, 10:17
Ndoo ya chuma ninayo.

Baba Brian, 10:19
Kamba na sururu naleta. Bado mabeleshi matatu.