Glasi za mvinyo za nyumbani: aina moja au seti ya kila mvinyo?

Kibaraza
Wakuu, habari za jioni. Natafuta glasi za mvinyo za nyumbani, meza ya watu sita. Unaonyweka zaidi ni mwekundu wa Dodoma, mweupe siku za joto, na wa mapovu mara mojamoja. Nafasi kati ya rafu na rafu kabatini ni sentimita 24. Kuosha ni kwa mkono, maji ya kisima yale ya chumvi. Muuzaji mmoja anasema nichukue seti tatu tofauti, mwingine ananishawishi zisizo na mguu eti hazivunjiki. Na hili neno "kristali" lina maana, au ni la kupandishia bei?

KiooSafi
Seti tatu huzihitaji, mkuu. Chukua umbo moja la ujazo wa ml 400 hadi 500, ununue nane. Mbili ni akiba, maana kiwanda kikiacha kutoa toleo hilo hupati tena ya kufanana nazo.

Kabla ya umbo, kagua mdomo. Pitisha kidole ukingoni. Ukigusa kitu kama uzi mnene umezunguka, huo ni mdomo uliochomwa moto ukajikunja: imara, lakini mvinyo unaruka kizingiti kabla ya kufika ulimini. Mdomo uliokatwa kisha ukalainishwa huwa mwembamba, milimita moja hivi, na hauna tuta. Uzuri wa glasi uko hapo kuliko kwenye michongo na rangi ya dhahabu, ambayo kwanza inakuficha usione rangi ya mvinyo.

Halafu tumbo liwe pana kuliko mdomo. Kwa ujazo huo, tumbo la mm 85 hadi 90 na mdomo wa mm 60 hadi 65 vinatosha. Mvinyo unatoa harufu pale uso wake ulipo mpana, na mdomo uliobana unaizuia isipotee. Kipimo cha kumimina ni ml 150, kikome usawa wa tumbo au chini yake kidogo. Chupa ya ml 750 inatoa glasi tano. Ukimimina kiasi hichohicho kwenye glasi ya ml 250, imepita nusu, na ukiizungusha inachafua kitambaa cha meza. Huamini ujazo ulioandikwa kwenye boksi? Weka glasi kwenye mizani ya jikoni, rudisha sifuri, jaza maji hadi ukingoni. Gramu moja ni mililita moja.

Kwa kabati lako usizidi urefu wa sm 22. Zile kubwa za mvinyo mwekundu, za mtindo wa Bordeaux ya Ufaransa, nyingi zinapita sm 23, na utazikwaruza kwenye rafu kila ukizitoa.

Mizani
Kwenye kristali: si jina tupu. Kanuni ya Ulaya ya 1969 inataka kristali ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) iwe na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi, na daraja la juu asilimia 30. Risasi inakifanya kioo kiwe kizito, king'ae, na kichongeke kwa urahisi. Lakini glasi nyembamba za siku hizi nyingi hazina risasi kabisa; badala yake kuna metali nyingine kama bari (barium), zinki au titani, na nyingine ni ngumu kuliko zile za zamani. Tafuta boksi lililoandikwa kwamba haina risasi. Ukirithi za zamani, kunywea si shida kubwa, ila usiache mvinyo ukalala humo usiku kucha, asidi inachomoa risasi.

Watu hugonga glasi wasikie mlio. Mlio mrefu unakuambia aina ya kioo, haukuambii ufundi. Bora uiweke kaunta, uiguse pembeni uone kama inayumba, kisha uangalie kitako: kikiwa chembamba sana kuliko tumbo, itaanguka feni ikipeperusha kitambaa. Halafu mulika mguu kwenye mwanga. Mguu uliovutwa kutoka kwenye tumbo lenyewe unashuka bila pete. Uliobandikwa una pete au kifundo pale unapoungana.

Zisizo na mguu siwezi kukushauri kwa joto la pwani. Mweupe unaotoka kwenye friji na nyuzi 8 au 10, kiganja kinaupasha upesi, na mwekundu ambao ungetaka uwe nyuzi 16 hadi 18 tayari unapambana na chumba cha nyuzi 30. Alama za vidole ndiyo usiseme. Na zinavunjika vilevile.

Kibaraza
Shukrani, nimeelewa. Wa mapovu nao niumimine humohumo? Na ukungu mweupe wa maji ya chumvi unatokaje?

KiooSafi
Humohumo, theluthi moja tu. Zile ndefu nyembamba zinatunza mapovu lakini zinaficha harufu. Mapovu yakifa haraka, mara nyingi ni sabuni au mafuta yaliyobaki. Suuza mara mbili.

Ukungu upo wa aina mbili. Dondosha siki nyeupe juu yake, subiri dakika 10. Ukitoka, ni chokaa: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki, kisha suuza ya mwisho kwa maji ya chupa au ya mvua. Usipotoka, kioo chenyewe kimeliwa, mara nyingi na mashine ya kuoshea vyombo, na hakuna dawa.

Mguu huvunjikia kwenye kukausha: mkono mmoja umeshika kitako, mwingine unazungusha kitambaa ndani. Shika tumbo lenyewe. Tumia kitambaa kisichotoa manyoya, ambacho hakijafuliwa kwa dawa ya kulainishia nguo. Kabatini zisimame kwa kitako; ukizigeuza, uzito wote unakaa mdomoni na zinafungia harufu ya mbao.

Gubeti
Nakubaliana na umbo moja, ila naongeza kitu kimoja kwa anayekunywa mvinyo mtamu na mkali wa Dodoma. Huo unamiminwa ml 60 hadi 75, na kwenye glasi ya ml 450 spiriti inapanda puani kabla ya zabibu. Nunua ndogo nne za ml 200 zenye mdomo uliobana. Hizo hata zikiwa nene kidogo si neno.